Mguu wa Nelima

"Unaendesha gari kama mtu ambaye atalitengeneza," Mzee Oyugi alisema, akiinama dirishani kabla Nelima hajavua helmeti.

"Si ni mimi nitalitengeneza, Mzee?"

Vijana waliokaa ukingoni mwa mtaro wakacheka. Nelima hakucheka. Kwa miezi mingi, katika gereji ya Mzee pale Kondele, alikuwa amelala chali chini ya gari hili kuukuu la rali, akilijua nati kwa nati. Leo, kwenye barabara ya murram inayokata mashamba ya miwa kule Kibos, timu ya Mzee ilikuwa inachagua dereva chipukizi mmoja wa kumlea: kumlipia leseni, kumvisha, kumpa kiti msimu mzima. Kila mmoja mizunguko miwili, kwa zamu katika gari hilo moja, wa kasi zaidi achukuliwe. Nelima alikwenda vizuri mpaka kona ya daraja. Hapo gia ya tatu ililia kwa sauti nyembamba, na mguu wake, bila kuulizwa, ukaachia mafuta.

"Nyathina, mwanangu, sikia," Mzee akashusha sauti. "Dereva haonei gari huruma. Kilio chake mwachie fundi."

"Na kama fundi ndiye dereva?"

"Hapo sasa ndipo shida yako."

Bado alikuwa na mzunguko mmoja. Akaapa kwamba safari hii hatasikia kitu.

Lakini zamu iliyofuata ilikuwa ya Ooko, kijana wa bodaboda, mwingi wa maneno na mzito wa mguu. "Fundi, niombee!" akapaza sauti, akang'oka. Walilisikia gari likinguruma katikati ya miwa, likapita darajani bila kupunguza. Lilirudi kwa kasi ambayo hakuna aliyeifikia siku hiyo. Lilipovuka tu mstari, likatoa mlio kama sufuria iliyojaa misumari, likasimama. Oili nyeusi ikachuruzika vumbini.

"Giaboksi," Nelima akasema. Hata hakuinama kutazama.

Ooko alikuwa tayari amebebwa juujuu.

"Mzee, zamu yangu bado."

"Utaendesha nini?"

"Si yeye ameliua!"

"Amelivusha mstari kwanza. Wadhamini wanataka jina leo, Nelima."

Simu ya Nelima ikalia. Ilikuwa ya Rachael, jirani wa Kaloleni anayemwangalia mtoto, lakini aliyeongea ni Sheryl, bintiye.

"Mama, umeshinda?"

Nelima akageukia miwa, vijana wasimwone uso. "Bado, mama. Kula kwanza."

Wiki nzima alishinda na lile giaboksi. Alitoa gia ya tatu, meno yamekatika, akaweka nyingine ya mtumba. Kila nati aliikaza kuliko ilivyohitaji. Ooko akaja na soda mbili.

"Fundi, si ungeniambia inalia?"

"Ungesikia?"

"Na ile raha? Wapi!"

Akachuchumaa, akaanza kuosha bolti kwenye mafuta ya taa bila kuombwa. Nelima alitaka kumchukia akashindwa, na hilo nalo likamuudhi.

Alipoliteremsha gari kwenye jeki, Mzee alikuwa mlangoni.

"Lijaribu hapo nje tu, halafu umpe Ooko ufunguo."

"Nalipeleka Kibos."

"Uchaguzi umekwisha."

"Najua umekwisha, Mzee. Mzunguko wangu ndio haujaisha."

Mzee alichukua pikapu yake. Akamfuata mpaka Kibos.

Hakukuwa na vijana mtaroni. Nelima alifunga mkanda, akakanyaga. Miwa ikawa kuta mbili za kijani. Darajani ile sauti nyembamba ikaanza tena, wala hakujua kama inatoka kwenye chuma au kifuani mwake. Mguu ukataka kuinuka. Akaukandamiza. Gari likayumba, kokoto zikapigapiga tumboni mwake, likashika njia.

Aliporudi, vumbi lilikuwa bado limening'inia juu ya miwa. Mzee Oyugi alisimama peke yake kando ya barabara, simu aliyopimia muda mkononi. Aliitazama. Akaitazama tena. Kisha akaigeuza, kioo kikalala kwenye shati lake, na mkono wa pili ukaja juu yake.

"Gari liko sawa," Nelima akasema, akazima injini.

"Ooko asiuone muda huu," Mzee akasema.