Jiwe Jekundu Mbele ya Duka la Saa

Nyumbani kwao wanamwita Chiriku, na wala hawamwonei: mdomo wake haujui kupumzika. Lakini siku hiyo, aliposhuka kwenye treni katika mji ule wa kale wa ugenini, alinyamaza ji! Ukungu ulikuwa haujainuka. Minara ilionekana nusunusu, juu ipo, chini haipo, na kengele ililia mahali asipopaona. Akasimama nje ya stesheni, kamera aliyoazima chuoni kwake mikononi, ameduwaa, hata akasahau kwamba amekuja kazini.

Na kazi yenyewe haikuwa ya mwalimu wake wa filamu. Mwalimu angepelekewa chochote. Kazi ilikuwa ya baba. Kesho yake asubuhi, huko nyumbani, baba angepasuliwa macho, na daktari hakuahidi kitu. "Nipigie video ya ule mji niutazame," alimwambia kwenye simu. "Macho yakigoma, yawe yameshauona." Maana baba aliishi pale miaka miwili ya ujana wake. Sebuleni ipo picha yake, kavaa koti, kasimama mbele ya mlango mkubwa wa chuo cha mji ule, na hakuna mgeni ambaye shangazi hajamburuta kuiona. "Kaka yangu huyo! Msomi!" Baba hucheka kidogo, akasugua magoti yake yanayomuuma miaka yote, akabadilisha mazungumzo.

Basi Chiriku akaanza kuzunguka. Mwalimu aliwafundisha kuziba kijitaa chekundu cha kamera kwa plasta, ili watu wasijikaze wakijua wanarekodiwa. Akaziba. Jua lilipotoka, kioo cha kamera kikawa hakionyeshi kitu ila pua yake mwenyewe. Hakujali. Anainua kamera, anabonyeza. Anabonyeza tena, anaishusha, anatembea. Akaupiga mlango wa chuo, akazipiga ngazi, akalipiga daraja na kivuli chake majini.

Saa zikapita asijue. Vichochoro vilimpokea kimoja baada ya kingine, na kila kona alihisi baba yuko mbele hatua chache, kijana, vitabu kwapani, akiitwa atageuka. "Baba, hapa ulipita?" alinong'ona. "Na hapa?" Mbele ya duka la saa aliinama kufunga kamba za kiatu. Saa za dirishani zilikuwa zimesimama, kila moja na wakati wake, naye akaona ni sawa tu. Alikuwa na furaha ya mtu anayeota na hataki kuamshwa.

Aliamka kwenye treni ya jioni, alipofungua kamera atazame. Lahaula! Hakuna mlango. Hakuna mnara. Kuna mawe ya barabarani na ncha za viatu vyake, saa nzima, mawe na viatu! Kumbe pale stesheni, wakati ameduwaa, kidole kilishabonyeza bila yeye kujua. Tangu hapo, kila alipodhani anawasha alikuwa anazima, na kila alipodhani anazima alikuwa anawasha. Kwa kuota kwake mchana kutwa, amemnyima baba mji wake. Alilia mpaka abiria wa jirani akampa kitambaa.

Akapiga simu, kwa sababu kudanganya hakuweza. "Baba, nimeharibu. Nimepiga chini tu. Mawe matupu."

Baba akasema: "Tuma hivyo hivyo."

Akaituma video, na shangazi akaiweka kwenye televisheni, simu ikiwa bado hewani, na baba akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, maana macho yake hayaoni mbali tena. Chiriku, ndani ya treni, akasikia nyayo zake mwenyewe zikitembea sebuleni kwao.

"Jamani, mawe gani haya ya kumkodolesha mgonjwa macho?" shangazi akalalamika.

"Nyamaza, dada. Rudisha nyuma. Hapo! Simamisha hapo." Sauti ya baba ilikuwa imebadilika. "Hapa ni mbele ya duka la saa. Ona jiwe jekundu, peke yake kati ya mawe ya kijivu."

"Umejuaje?" Chiriku akauliza.

"Ya kijivu yalituishia siku hiyo, nikaweka jekundu. Msimamizi alinifokea huyo, mate yakimruka." Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Mwanangu, mimi sikusoma. Nilikuwa fundi wa barabara. Miaka miwili kwa magoti. Koti la pichani ni la kuazima, na mlango ule sikuwahi kuuvuka. Nilirudi nikakuta mmeshanifanya msomi, nikaona haya kuwarekebisha."

Shangazi akageuka kuitazama ile picha ya sebuleni.  Chiriku alimwonea baba huruma kwa miaka yote ile ya kucheka kidogo na kubadilisha mazungumzo, na papo hapo akampenda kuliko jana. Mchana kutwa alimtafuta milangoni na minarani, kumbe alikuwa anatembea juu ya kazi ya mikono ya baba.

"Ulisimama juu yake?" baba akauliza.

"Nilisimama, baba. Nilifungia kamba za kiatu hapo."

"Linatikisika?"

Chiriku akafuta machozi kwa kitambaa cha watu. "Halitikisiki hata kidogo."

"Basi," alisema baba. "Kesho wanipasue tu."