Ufupi Uliojificha Katika Alizeti

Mzee Antipasi wa Shelui alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: shamba lazima lilingane. Mmea ukiwazidi wenzake, au ukipungua, aliung'oa asubuhi hiyohiyo, kabla hata ya uji. Sasa kishamba alichompa binti yake Jesca kilikuwa kando kabisa ya barabara kuu, kila dereva wa lori anakiona, na alizeti ndefu na fupi zimechanganyikana humo kama wanafunzi wa shule nzima. Roho ilimuuma mzee wa watu. Akadamka, akang'oa fupi zote, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Jesca alipofika shambani alikuta fupi zote zimeng'olewa. Aliketi kwenye tuta akalia kwa sauti, wapita njia wakimtazama.

Zile fupi ndizo alizokuwa akizitafuta. Mbegu ya nyumbani kwao ilijaa mafuta lakini ilichelewa, na mvua ya Shelui haimsubiri mtu. Mbegu nyingine, ya kimo kifupi, ilikomaa mapema ila ilitoa mapepe matupu. Jesca alizipandisha hizo mbili ili apate fupi inayowahi na iliyojaa mafuta, akapaka chavua kwa mkono, akafunika vichwa kwa vipande vya kanga ili nyuki wasiingilie. Majirani walisema amerukwa na akili. Kizazi cha kwanza kilitoka kirefu chote, baba akafurahi. Cha pili ndicho hiki, na baba alishasema asipoona la maana msimu huu, kishamba kinarudi kwenye mtama.

Jesca alijifuta machozi, akarudi nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeona nilivyokusafishia?"

"Umening'olea nilichokuwa nakitafuta, baba."

Alipomweleza, mzee alishika kichwa. "Basi nimekumaliza, mwanangu!"

Alivyojikunyata pale, mtu mzima, Jesca alishindwa kujizuia akacheka. Na alipocheka, wazo likamjia.

"Baba, huu mwanya wangu wa meno ni wa nani?"

"Wa marehemu mama yangu. Ukicheka ni yeye kabisa."

"Wewe unao? Mama anao?"

"Hatuna."

"Sasa umepita wapi?"

Mzee alipitisha ulimi kwenye meno yake, akiutafuta.

"Mliubeba umejificha, wewe na mama, ukakutana kwangu. Kila sifa tunayo kwa jozi: moja ya baba, moja ya mama. Alizeti nayo hivyohivyo. Ikitengeneza chavua au yai, zile jozi hulala kwanza ubavu kwa ubavu, zikabadilishana vipande, ndipo zikaachana. Kila chembe ya chavua huondoka na nusu tu, na nusu ya hii si nusu ya ile. Shuleni tuliiita meiosisi. Shamba halikuharibika, baba, lilikuwa linatuchanganyia."

"Na hizi ndefu nilizoziacha?"

"Nyingi zimebeba ufupi kama wewe ulivyobeba mwanya. Nipe msimu mmoja tena, nizipande mbegu zake."

Akampa. Angesemaje?

Msimu uliofuata mvua ilikata mapema kwelikweli. Alizeti za majirani zilinyauka zikiwa bado na maua. Kwenye kishamba cha Jesca, katikati ya ndefu zilizokauka, fupi zilikuwa zimerudi. Nyingine zilikuwa mapepe, lakini chache zilikuwa zimekomaa, vichwa vimeinama kwa uzito. Jesca alichomoa mbegu, akaitafuna, akampa baba yake nyingine. Mafuta yakamjaa mzee kinywani.

"Zimejaa!" alipiga kelele. "Jesca, zimejaa!"

Dereva mmoja wa lori akapunguza mwendo, akachungulia dirishani. "Mzee Antipasi! Mbona siku hizi shamba halilingani?"

"Halilingani!" alijibu kwa majivuno. "Na atakayeng'oa hata moja atanitambua!"

Ndege walikuwa wameanza kuzungukazunguka. Mzee akavua shati lake, akakifunika kile kichwa kizito kuliko vyote, akafunga mikono ya shati kwa uangalifu. Kisha akarudi nyumbani kifua wazi, kandokando ya barabara kuu, malori yote yakimwona, huku akipiga mluzi.