Ibada Iliyohamia Nyumbani kwa Pelagia

Jumapili asubuhi Pelagia alimpikia mwanawe uji wa mahindi, akaupoza kwa kuumimina kutoka bakuli moja hadi jingine, kwa sababu Hatungimana hali kitu kinachofuka mvuke, akamtandikia mkeka karibu na ukuta anaoupenda. Akavaa sare ya kwaya, ile ya zambarau yenye kola nyeupe. Kisha akatoka, akafunga mlango kwa kufuli, kwa nje, akateremka kwenda kanisani akipita katikati ya mashamba ya maharage. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwacha.

Wazee wa kanisa, pamoja na mchungaji, walikuwa wamemjia katikati ya wiki na sukari na mche wa sabuni, wakaongea kwa ule upole wa watu wanaojua wanafanya vibaya. Mtoto ana miaka tisa sasa, walisema, na kila spika zikiwashwa anaziba masikio na kupiga mayowe mpaka mahubiri yanakatika. Wameshampaka mafuta, wameshafunga, wameshakemea pepo, na hakuna kilichotoka. Daktari mmoja huko Kasulu alikwishamweleza Pelagia kwamba hakuna cha kutoka, mtoto ana usonji, ndivyo alivyoumbwa. Pelagia alimshukuru, akapanda gari kurudi kijijini Murungu, akaendelea kufunga. Ombi lake halikuwa kubwa. Alitaka mtoto amwite mama, hata mara moja.

"Mama Hatu, si kwamba tunamfukuza," alisema Mchungaji Tharsisi. "Ni ile siku ya Bwana tu."

"Sawa, mchungaji," alijibu Pelagia, kabla hata hajaambiwa siku ya Bwana afanye nini. Alijisikia nafuu, na ile nafuu ilimwaibisha kuliko mayowe yote ya mwanawe.

Wakati wa kusifu ulipofika Jumapili hiyo, Pelagia alikuwa wa kwanza kufungua kinywa, maana yeye ndiye anayeanzisha. Sauti haikutoka. Kwaya ikamfuata, nayo haikutoa kitu. Mpiga kinanda alibonyeza, akakagua waya, akabonyeza tena. Ngoma ikapigwa, ikawa kama mtu anapiga godoro. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu, midomo ikienda na jasho likimtoka, na waumini wakafumba macho kwa heshima ingawa hawakujua wafumbue saa ngapi. Ulipofika wakati wa matangazo sauti zilirudi. Matangazo yalisikika vizuri mpaka benchi la nyuma, na sadaka nayo ilitangazwa bila tatizo lolote.

Aliporudi nyumbani alimkuta jirani yake, Asia, anaanika mihogo.

"Kumbe leo ibada ilikuwa kwako," Asia alisema. "Nyumba imeimba asubuhi nzima, na kinanda humohumo. Mimi na Uislamu wangu nimekaa hapa nasikiliza."

Ndani, wimbo wa kufungia ulikuwa bado haujaisha. Ulikuwa unatoka ukutani, umepunguzwa mpaka kiasi ambacho mtoto anaweza kukivumilia. Hatungimana alikuwa ameweka mikono magotini badala ya masikioni. Katikati ya sauti zile Pelagia aliitambua ya kwake, na hapo ilipokuwa inatokea ndipo mtoto alipokuwa ameegemeza shavu. Pelagia alikaa chini akamsubiri amtazame. Hakumtazama, kama siku zote, lakini hakuondoa shavu.

Ikawa hivyo Jumapili iliyofuata na nyingine baada yake, mpaka Mchungaji Tharsisi akaita kikao. Hakuna aliyekuwa mjinga kwenye kikao kile. Walijua kwamba nyimbo zimemfuata mtoto, na kwamba mtoto akirudishwa, spika zikapunguzwa, nyimbo nazo zitarudi naye. Mke wa mchungaji aliangalia viatu vyake. Pelagia alikuwa nayo maneno mdomoni, mepesi kabisa, nimlete mwanangu. Akakumbuka jinsi wenzake wa kwaya walivyokuwa wakivuta sketi zao pembeni mtoto akigaagaa sakafuni, na uso ukamchoma upya. Akayameza maneno yale.

"Kama sauti iko kule," mzee mmoja alisema mwishowe, "si tuivute kwa waya?"

Kikao kizima kilishusha pumzi. Wazo likapitishwa.

Fundi redio aliyeitwa kutoka Kibondo mjini alikuwa Hamis, mtu wa Tanga kwa asili, mpole na asiyependa maneno mengi. Alichimbia waya wake kandokando ya maharage kutoka kanisani hadi kwa Pelagia. Alipotaka kuingia ndani aning'inize maikrofoni juu ya mkeka, ilibidi asubiri afunguliwe.

"Mama, mbona kufuli liko nje na mtu yuko ndani?"

"Ni kwa usalama wake."

Hamis alimtazama mtoto, akamtazama mama, akasema, "Haya mama," kisha akaendelea kukaza waya. Alikuwa amelipwa kwa ajili ya maikrofoni.

Mambo yakawa mazuri. Nyimbo zilisafiri ardhini zikatokea kwenye spika, na maombi ya mchungaji pia, na kwaya ikasimama mbele kwa sare ikichezesha midomo. Watu walianza kuja kutoka Kasanda na Buhigwe. Siku ya wageni wa Kasulu kanisa lilifurika mpaka nje, na askofu wao alikaa kiti cha mbele ameinamisha kichwa, akisikiliza.

Kwenye ubeti wa pili, juu ya kinanda na juu ya kwaya, spika zilitoa sauti ya mtoto. Ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu aliyetoka usingizini.

"Mama," ilisema. "Mama. Njoo."

"Amina," alisema askofu.

"Amina," waliitikia wote.

Pelagia alikuwa ameliombea neno lile miaka tisa, na sasa lilikuwa limejibiwa mbele ya kanisa zima. Nyumbani ni mwendo mfupi tu. Lakini alikuwa mstari wa kwanza, wageni wanamtazama, na wimbo ulikuwa na beti mbili bado. Alibaki palepale akichezesha midomo. Alipofika nyumbani mtoto alikuwa amenyamaza, na hakusema neno lolote, ingawa alimsihi mpaka jioni.

Wiki hiyo Mchungaji Tharsisi alikuja na sukari. Alisema neno la mtoto limewagusa wageni sana, ila linakatisha wimbo.

"Fundi asogeze maikrofoni," alisema Pelagia. "Aiweke upande wa pili wa ukuta, itashika nyimbo tu."

Hamis alikuja akaisogeza. Wageni wa Kasulu waliorudi mara ya pili walisema sauti imekuwa safi zaidi.

"Huwa anakuita," Asia alimwambia siku moja wakichota maji. "Ukifika ule ubeti wa pili. Mimi namsikia kutoka uani."

"Najua," alisema Pelagia, akajitwisha ndoo.

Siku hizi, wimbo ule ukifika ubeti wa pili, Pelagia hufumba macho. Wageni huambiana kwamba yule mama ana imani kubwa.