Bustani ya Meya

“Mji huu mimi naujua mpaka unavyokoroma,” alisema kijana, huku akijinyoosha kwenye kochi la dada yake. “Nifungeni kitambaa machoni, nizungusheni kama pia, mniache popote mnapotaka. Nikinusa mara moja tu nitawaambia niko mtaa gani.”

“Juzi nilikutuma chumvi ukapotea,” dada yake alimjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye nguo aliyokuwa akiipiga pasi.

“Sikupotea, Dada. Nilikuwa nafanya utafiti.”

Shemeji yake alicheka mpaka chai ikampalia. Ni yeye aliyempachika jina la Meya, siku kijana alipopata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya mipango ya miji na mikoa, na jina likaganda kama gundi. Watoto wa jirani wakalidaka. Wakimwona tu ngazini, “Shikamoo, Meya!” Na yeye, badala ya kuona haya, huwapungia mkono kama mtu aliyesimama kwenye gari la wazi.

Basi Meya wetu akafika mwaka wa mwisho. Profesa wao alikuwa mama mmoja mkavu wa maneno, asiyemsifu mtu hata kwa bahati mbaya. Aliikata ramani ya mji vipande vya mraba, akampa kila mwanafunzi kimoja. Kazi yenyewe: uutembee mraba wako kwa miguu, halafu uujenge kwa kadibodi, tabaka juu ya tabaka, kila mwinuko na kila mteremko. Mwishoni vipande vyote vingeunganishwa mezani viwe mji mmoja, na wakazi waalikwe, waone maji ya mvua yanakotoka na yanakokwenda, kisha waseme mitaro mipya ipite wapi ili nyumba zao zisifurike tena.

“Sharti langu ni moja,” alisema Profesa. “Atakayejenga mahali ambapo hajapakanyaga atarudia mwaka. Sitaki machozi, na sitaki shangazi wa mtu aje kuniombea.”

Meya aliupokea mraba wake, akaenda nao nyumbani, akalala chali, kompyuta kifuani, akafungua picha za setilaiti. Kutembea, alijiambia, ni kwa wasio na intaneti. Na kweli, kutoka huko juu mraba wake ulikuwa mtamu kama keki: paa, paa, barabara, paa, na katikati zulia refu la kijani. Uwanja wa nyasi! Aliujenga tambarare, akaupaka rangi, akapanga vibenchi vya njiti za kiberiti. Kwenye kimoja alikalisha wapenzi wawili wa udongo, mmoja amemwegemea mwenzake. Aliwatazama, akaona wivu kidogo.

“Mbona hutoki?” dada yake alimuuliza.

“Nimetoka, Dada. Hapa nilipo niko mjini.”

Siku mbili kabla ya wakazi kuja, wanafunzi walijaribu kuunganisha vipande wenyewe, Profesa hayupo. Mraba uliopakana na wa Meya kwa juu ulikuwa wa binti waliyemwita Kipimo, kwa sababu hata mlango aliupima kwanza ndipo apite. Wa chini ulikuwa wa jamaa mmoja wa kofia, mpole wa sura, mwenye ulimi kama wembe. Kipimo akasukuma ubao wake mpaka ukagusa wa Meya. Jamaa wa kofia akasukuma wake.

Wote wakainama juu ya meza.

Kwenye ubao wa Kipimo lilikuwamo korongo, jembamba, lenye kingo kali. Lilishuka likipinda mpaka ukingoni, na hapo likagonga ukuta wa kadibodi. Juu ya ukuta, wapenzi wawili wamekaa kwenye benchi, hawana habari. Na upande wa pili, kwenye ubao wa jamaa wa kofia, korongo lilelile liliendelea na safari yake, tena limepanuka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wenyewe ndio huo.

“Meya,” Kipimo aliuliza taratibu, “maji yangu yamekwenda wapi?”

“Yamekaa kupumzika,” alisema jamaa wa kofia. “Huoni benchi?”

Watu walicheka mpaka mmoja akaketi sakafuni. Meya akavaa miwani ya mbao.

“Nilikosea kukata tabaka. Kisu tu kile, ndugu zangu. Huko nimekanyaga kila kichochoro.”

“Kila kichochoro?”

“Niulize hata majina ya mbwa.”

Kipimo alivitazama viatu vya Meya, vyeupe pee, hata kamba hazijapata vumbi. Kisha akaurudisha ubao wake nyuma.

Kesho yake asubuhi Meya alitoka kwenda kuitafuta bustani yake. Alizunguka. Akauliza muuza vocha, akauliza fundi wa redio: uwanja wa nyasi uko wapi? “Nyasi?” fundi alishangaa. “Kaka, hapa hata mbuzi wanatazamana tu.” Meya akafungua picha kwenye simu, akafuata lile zulia la kijani, akaingia uchochoro kati ya kuta mbili ambao bega lake lilipita kwa kuomba radhi. Mwisho wa uchochoro palikuwa na ngazi za mawe. Zilishuka.

Akashuka nazo.

Kwanza ilikuja baridi, kama mtu amefungua mlango wa chumba cha chini. Kisha kelele za mji zikafifia: honi, nyundo, redio ya fundi, zote zikabaki juu kule kama mambo ya watu wengine. Ngazi ziliendelea kushuka. Alipofika chini alijikuta kwenye daraja la mbao lisilozidi upana wa kitanda, akainua uso, mdomo wazi.

Ilikuwa miti. Mashina yake watu watatu wasingeweza kuyakumbatia, yameshika kingo za korongo kwa mizizi mikubwa kama mapaja ya ng’ombe, yakapanda, yakapanda, mpaka huko juu kabisa majani yakakutana na kufunga mbingu. Mwanga ulishuka kwa vipande vya kijani. Meya alivitazama vilele vile na mwili ukamsisimka. Hizo ndizo nyasi zake. Alikuwa ameweka benchi juu ya vilele vya miti, akawakalisha watu.

Pande zote mbili midomo ya makalvati, yale mabomba ya zege ya kupitishia maji, ilichomoza ukutani, mingine ingeweza kummeza mtu amesimama. Kila mmoja ulitema kijito chake: povu la wanaofua, maji ya mapaa, maji ya mitaa ambayo yeye alidhani huishia tu mtaroni basi. Mji mzima ulikuwa unakuja hapa, kimya kimya, kila siku, na hakuna aliyemwambia. Au pengine hakuuliza.

Halafu akaona kiatu. Kilikuwa kimenasa kwenye tawi, juu mno, juu kuliko paa la nyumba. Pembeni yake mifuko ya plastiki, kipande cha godoro, mguu wa kiti, vyote vimejipanga kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka mti hadi mti. Alishangaa ni nani aliyepanda kuvitundika. Ndipo akaelewa kuwa hakuna aliyepanda. Yalikuwa maji. Mvua ilipokuwa mvua, maji yalifika kule, na yeye alikuwa amesimama chini, kwenye sakafu ya mto.

Akaishika kamba ya daraja kwa mikono miwili, akachuchumaa.

“Pole, kaka. Unaumwa?” Mwanamke mwenye sare ya nesi alikuwa anavuka, mkoba begani, usingizi machoni.

“Nesi,” alisema Meya kwa sauti ndogo, “hili bonde limekuwapo tangu lini?”

“Tangu dunia. Kwani wewe umezaliwa leo?”

“Karibu na hivyo,” alisema. “Ndiyo kwanza naliona. Na hapa tuliposimama mimi nimejenga bustani.”

Nesi alimtazama juu mpaka chini, akampisha kwa heshima wanayopewa waliopagawa, akapanda ngazi zake.

Meya alirudi chuoni anakimbia. Aling’oa bustani, wapenzi na benchi lao, akachimba tabaka kwa tabaka mpaka vidole vikatoka malengelenge. Miti akaijenga mmoja mmoja. Ile alama ya maji aliishona kwa uzi mwekundu, kutoka mti hadi mti.

Siku ya wageni ukumbi ulijaa. Dada yake alikaa mstari wa mbele na gauni lake la harusi za watu, shemeji pembeni amechomekea shati. Profesa alichukua birika la maji yaliyotiwa wino wa buluu, akayamimina taratibu juu kabisa ya mji, kwenye vilima. Watu wakasogea. Maji yakashuka vichochoro, yakakusanyika, yakaingia korongo la Kipimo, yakafika kwenye ule mpaka, na Meya hakupumua. Yakapita. Yakapita chini ya miti yake, yakatiririka hadi kwa jamaa wa kofia. Profesa akazidisha kumimina, maji yakapanda, yakapanda, yakagusa ule uzi mwekundu. Ukumbi mzima ukaguna kwa pamoja. Mzee mmoja alivua kofia. Mwanamke mmoja aliweka kidole kwenye kijumba cha kadibodi, akasema polepole, “Hapa ndipo kwetu.”

Hata Meya, aliyekijenga kile kitu kwa mikono yake, alihisi nywele zikimsimama.

“Hii kazi,” alisema Profesa, na wanafunzi wakatazamana maana sauti ilikuwa imelainika, “ni ya mtu aliyeshuka akaona. Ulianza lini kushuka?”

Kweli ilipanda mpaka kooni. Ilikuwa hapo hapo, imebaki kufungua mdomo tu. Lakini akamwona dada yake anavyomtazama, kama ndiye aliyeumba miti yenyewe, na mwaka mzima wa kurudia ukampita machoni.

“Wiki ya kwanza ya muhula, Profesa,” alisema. “Lile bonde kwangu ni kama uani.”

“Jamani, ni yeye!” Sauti ilitoka nyuma. Nesi alikuwa amesimama juu ya kiti, anafurahi, anawaonyesha majirani zake kwa kidole. “Ndiye huyu niliyewasimulia! Nilimkuta darajani mdomo wazi kama mtoto aliyeonyeshwa mwezi. Akaniuliza bonde limekuwapo tangu lini! Akasema ndiyo kwanza analiona, na kwamba hapo amejenga bustani. Mimi nikasema maskini, kijana mzuri hivi, kumbe akili ndiyo hivyo. Na tazameni alichokifanya! Mpigieni makofi!”

Hakuna aliyepiga. Jamaa wa kofia alijifunika uso kwa kofia yake. Dada mtu alishusha pumzi ndefu.

Profesa aliliweka birika mezani.

“Ilikuwa lini hiyo, nesi?”

“Jana,” alisema nesi kwa furaha. “Jana asubuhi, natoka zamu.”