Msalaba Usiotobolewa

"Hivi, Veturia, kutoboa msalaba ni dhambi?"

Jirani yangu Mama Saveta aliniuliza hivyo siku moja ya vuli. Mimi nilikuwa naanua nguo, yeye amesimama upande wake wa ua, vidole vyake vyembamba vimejipenyeza kwenye wavu wa waya. Nilimwambia amuulize Padri Visarion. Akasema padri bado kijana, ana ndevu nyingi lakini hajazika watu wa kutosha. Nilicheka. Yeye hakucheka. Alivitoa vidole vyake kwenye wavu, kimoja kimoja, akarudi jikoni kwake.

Leo amelala makaburini chini ya msalaba wa mti, na mti wenyewe umeanza kuinama. Kiwanda cha waya tulichofanyia kazi nacho kimefungwa, miti imeota hadi darini. Mimi bado nipo. Kila Jumamosi nabeba mshumaa na kwenda kwa mume wangu, na nikipita kwa Mama Saveta nasimama, nang'oa magugu, nasema sala yake. Sijawahi kumpita bila kusimama.

Watu wa kwetu hawasubiri kifo kiwakute na mikono mitupu. Mwanamke akishazeeka, sanduku lake lina gauni la kuzikiwa, taulo za kuwafunga wabeba jeneza mikononi, mishumaa, na soksi mpya ambazo hazijakanyaga chini. Msalaba husimama nyuma ya mlango wa ghala ukingoja. Zamani misalaba ilikuwa ya mti. Kiwanda kilipokuja, wanaume wakaanza kuichomelea ya mabomba ya chuma, wakaizungushia waya uliopindwa kama mzabibu, kisha wakaichovya katika zinki. Msalaba wa namna hiyo hauoti kutu. Mwenye nao huoza, watoto wake huoza, wenyewe umesimama. Jua la asubuhi likipiga makaburi yetu, mtu aliye ng'ambo ya mto hufumba macho.

Mume wangu, Ilarie, ndiye aliyekuwa kwenye zinki. Kiwanda kilitengeneza waya wa mashamba ya mizabibu, seng'enge, nyavu za ua, vikapu vya chuma vya kuvunia. Mimi nilikuwa upande wa nyavu, kwenye mashine za kusuka; yeye alikuwa kwenye jengo la pili, ambako vitu huoshwa kwa asidi, hukaushwa, ndipo huingia katika beseni kubwa la zinki iliyoyeyuka. Ukiitazama zinki ile imetulia utadhani ni maziwa yaliyopoa. Inaunda utandu juu, na yeye aliusukuma pembeni kwa kafi la mti, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Wenzake walimwita Mpishi.

"Mpishi, supu imeiva?"

"Imeiva. Leta bakuli lako, ila ulilete kavu."

Hilo la ukavu halikuwa mzaha kwake. Alikuwa akisema maji na zinki ni kama mke na hawara, usiwakutanishe chumba kimoja. Tone likinaswa ndani ya chuma, halafu chuma hicho kikazamishwa, maji yale hugeuka mvuke kwa mara moja na hutafuta pa kutokea. Kwa hiyo kila kitu chenye uwazi ndani hutobolewa, juu na chini, ili kipumue. Bomba lisilo na tundu Ilarie hakuligusa. Aliwahi kumrudishia msimamizi wake mwenyewe, Cozma, nguzo za kitanda, akamwambia, "Bosi, hizi azichovye mkwe wako, yule usiyempenda."

Jumamosi mchana, kazi ya kiwanda ikiisha, beseni lilikuwa letu. Hakuna aliyeandika ruhusa hiyo, lakini kila msimamizi aliijua. Watu walipanga foleni na ndoo, bawaba, nyavu za kuku, uzio wa kaburi la mama. Jumamosi moja ya vuli ile nami nilikuwapo, nimeleta wavu wa banda la sungura. Mbele yangu alikuwa Gligor.

Gligor ni mtoto wa Mama Saveta, mchomeleaji. Yeye na Ilarie waliingia kiwandani mwaka mmoja, wakaenda jeshini pamoja, na harusini kwangu ndiye aliyeshika taji juu ya kichwa cha Ilarie, kama mpambe afanyavyo kwetu. Alimleta mama yake kutoka kijijini mama huyo alipofiwa na mume, akamjengea chumba chenye dirisha linaloelekea kanisani. Nasema haya ili mtu asidhani namchora mbaya. Hakuwa mbaya.

Msalaba wa mama yake ulikuwa umekwisha kutoka kwenye asidi, unaning'inia kwenye ndoano, mzabibu wa waya umeuzunguka hadi mikononi. Ilikuwa kazi nzuri. Ilarie alikuwa amevaa miwani yake mikubwa, imefanya ukungu.

"Umetoboa?" akauliza.

"Nimetoboa, Mpishi."

"Chini na juu?"

"Chini na juu. Unanifundisha kazi leo?"

Ilarie akacheka, akaushusha. Niliuona mguu wa msalaba ukiingia, ukafika kwenye mikono. Kisha ukaja mlio ambao siwezi kuufananisha na kitu. Zinki ilisimama. Ilisimama kama mtu, na ikamwangukia.

Alikaa hai hadi Jumatatu. Kwetu mke humwosha mumewe, mimi sikuruhusiwa. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alinishika mabega akaniambia, "Dada, mkumbuke alivyokuwa." Baadaye nilielewa kwamba zinki iliyomgandia kifuani haikuwezekana kutolewa bila kumtoa na yeye. Walimvika suti juu ya zinki ile. Basi sehemu ile ya mume wangu haitapata kutu. Nimelifikiria jambo hilo nikiwa kanisani, nimelifikiria nikikanda unga, na sijui hata leo nilipeleke wapi.

Walikuja watu wa uchunguzi kutoka mjini. Wakamwuliza Gligor kama alitoboa. Akasema ndiyo. Wakaniuliza mimi, nikasema nilimsikia Ilarie akiuliza na nilimsikia Gligor akijibu. Wakatikisa vichwa kwa upole. Mke atasema nini kingine? Msalaba ulipasuka vipande, na vile walivyoviokota, vimegandiwa na zinki, havikuwa na sura. Uamuzi ukawa kwamba kama matundu yalikuwapo, basi chuma kiliingizwa kikiwa na maji. Mchovyaji aliharakisha. Uchovyaji wa Jumamosi ukapigwa marufuku.

Kuanzia hapo Ilarie hakuwa marehemu tu. Alikuwa yule aliyeharakisha. Dukani, kwenye foleni ya mkate, mwanamke niliyesuka naye nyavu miaka yote alimwambia mwenzake, kwa sauti ya kunifikia, "Mzee wangu ana msalaba nyuma ya mlango unaota kutu. Mpishi ametufungia jiko." Nilinunua mkate wangu nikaenda. Kwetu, unapoonja ngano ya wafu, ile inayochemshwa na asali na jozi, unasema "Mungu amsamehe." Husemwa kwa kila mtu, hata kwa kichanga. Lakini nilisikia walivyolisema kwa Ilarie. Walikuwa wakilimaanisha.

Nilirudi kazini. Njia ya kwenda kwenye mashine zangu hupita kando ya lundo la vyuma chakavu, na siku moja, baada ya mvua kuliosha, nikauona mguu wa msalaba ule. Ulikuwa umepakwa zinki vizuri, maana ndio uliotangulia kuzama. Na karibu na mwisho wake, upande wa nyuma, palikuwa na doa la mviringo, la kijivu, limevimba kidogo, kama ndui kwenye ngozi safi. Kila aliyekaa kiwandani analijua doa hilo. Unaweza kuziba tundu kwa kuchomelea, ukalisugua kwa tupa mpaka kidole kisihisi kitu. Zinki ikipita juu yake italionyesha. Chuma cha kuchomelea hakiinywi zinki sawa na bomba.

Niliuweka mguu ule chini ya aproni, nikasuka nyavu hadi jioni nikiwa nao.

Sikuupeleka mjini. Kanisani tumefundishwa kwamba aliyekukosea umwendee kwanza peke yako, na nilikuwa na sababu ya kutamani iwe hivyo: nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Gligor alikuwa akija kila Jumapili kunisaidia. Alinipasulia kuni, akanirekebishia lango. Mtaa mzima ulimsifu. Alikuwa amepiga magoti kwenye bawaba nilipouweka mguu wa msalaba chini, mbele ya mikono yake.

Hakuuliza ni nini.

"Nilitoboa, shemeji," akasema. "Naapa kwa macho yangu. Mama akaja karakana, akaona. Akaniambia, Bwana wetu alitobolewa miguu na mikono, na wewe unamtoboa tena kwenye msalaba wangu? Akalia. Siku mbili hakula."

"Ukaziba."

"Nikasema niiache hewa tu ndani, umefungwa vizuri, hautapitisha asidi. Nilichomelea vizuri. Sijui ilipitia wapi."

"Alikuuliza, Gligor."

"Aliniuliza mbele ya watu wote. Ningesema nini? Kwamba mtu mzima nimeshindwa na machozi ya mama?" Akafuta uso kwa kiganja chenye grisi. "Mama asijue, shemeji. Akijua ni matundu aliyoyalilia, atakufa."

"Ilarie ameshakufa."

Nilimwambia sitaki kitu kutoka kwake, wala sitaki afungwe. Nataka awaambie watu wa jengo la pili kwamba Ilarie hakuharakisha. Kwa mdomo wake mwenyewe. Akasema atasema siku ya arobaini, wakiwa wote, mama yake akiwa nyumbani. Tulikubaliana hivyo, na mimi nikaishi kwa ahadi hiyo, nikipika na kufagia kwa ajili ya siku hiyo kama bibi harusi.

Arobaini ilianguka wakati wa theluji ya kwanza. Baada ya ibada tulikuja kwangu. Nilikuwa nimepika supu ya maharage, kabichi ya mfungo isiyo na nyama, na ugali, maana Ilarie aliupenda ugali kuliko mkate. Wanaume wa jengo la pili walijaza meza. Gligor aliketi mkabala na Cozma, amenyoa, amevaa shati jeupe. Nikajua amejiandaa.

Ndipo mlango ukafunguliwa na Mama Saveta akaingia, theluji mabegani, na fimbo yake.

"Mnanificha karamu ya Ilarie?" akasema. "Yule alikuwa mwanangu wa pili. Sogeeni."

Wakasogea. Akaketi kando ya Gligor, na Gligor akatazama sahani yake, na nikaona alichokuwa amekileta kooni kikirudi chini.

Tulikula. Cozma akasimama na gilasi, akamwaga tone sakafuni kwa ajili ya wafu. "Mungu amsamehe Ilarie. Fundi kama yeye sitampata tena. Siku moja tu aliharakisha, na nani kati yetu hajaharakisha?"

"Mungu amsamehe," wakaitikia.

Nilikuwa nimeshika chano cha ugali. Nilimtazama Gligor, nikampa muda, muda mrefu kuliko aliopewa Ilarie. Kisha nikasema, "Hakuharakisha. Aliuliza kama kuna matundu, akaambiwa yapo."

Cozma akashusha gilasi. "Shemeji, haya tulishayamaliza. Matundu yalikuwapo. Gligor ameapa mbele ya wakubwa."

Gligor alikuwa akiokota makombo ya mkate kwa ncha ya kidole, akiyapanga ukingoni mwa sahani.

Nilitaka kusema lililobaki. Mguu wa msalaba ulikuwa kwenye kabati, hatua chache tu. Lakini yule bibi kizee alikuwa akinitazama kwa macho yake mepesi, amejaa huruma kwa ajili yangu, na nikakiweka chano mezani.

Akasema yeye.

"Msimseme marehemu vibaya mezani pake," Mama Saveta akawaambia. "Nyinyi wote ni watoto kwake. Mimi nilipolia kwa sababu ya matundu yale, Gligor alikwenda kumwomba, na Ilarie akasema, mwache mama asilie, ziba. Ni nani mwingine hapa angemheshimu bibi kizee namna hiyo?"

Mtu aliyekuwa akitafuna aliacha kutafuna.

"Yalizibwa, mama?" Cozma akauliza, polepole sana.

"Yalizibwa vizuri, hata hujui yalikuwa wapi. Nilipitisha kidole."

Alitabasamu, akageuza kichwa ili atabasamu na kila mmoja. Alikuwa mwanamke wa kijijini, wa ng'ombe na mizabibu. Ya zinki hakuyajua. Lakini nyuso alijua kuzisoma. Macho yake yalipita kwa Cozma, yakapita kwa wale wa beseni, yakafika kwangu, na tabasamu likabaki mdomoni pake peke yake, bila macho.

"Kuna nini?"

Akamgeukia mwanawe. "Gligor. Ulipomwomba Ilarie, alikujibu nini hasa?"

Gligor hakuinua kichwa. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya kombo moja.

Mama Saveta alisubiri kama anavyosubiri mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Kisha akafuta kijiko chake kwa kitambaa, mbele na nyuma, akakilaza kando ya sahani. Akainuka. Gligor akaruka, akanyoosha mkono amshike, kama alivyomshika kila siku kwenye ngazi na kwenye barafu. Mama yake aliupita mkono ule kama anavyopita mgongo wa kiti, akachukua fimbo yake, akafungua mlango mwenyewe, akatoka.