Bahari Yenye Matamvua

Ofisi ya manunuzi ilikuwa nyuma ya hoteli, kati ya chumba cha kufulia na stoo ya viti vibovu, lakini dirisha lake lilitazama bahari. Muuza vikoi alitua mzigo sakafuni, akafungua fundo, akatoa kikoi cha juu. Afisa manunuzi, ambaye wauzaji wote walimwita Bwana Sampuli, alikuwa amekataa sampuli sita na kukubali ya saba. Ndipo wifi wa muuza vikoi akafuma themanini, kila kimoja kikiwa na nembo ya hoteli iliyotariziwa pembeni, kwa hiyo hakuna duka lingevigusa. Wifi alikuwa amesema kwamba hivi navyo vikirudi, anauza mtambo wa kufumia na kwenda kuomba kazi ya kupiga pasi. Hakuwa mtu wa kutishia nyau.

Bwana Sampuli alikipima kikoi kwa rula, akakinusa, akakipeleka dirishani.

"Kazi nzuri, mama. Ila hii siyo bluu ya bahari yetu."

Muuza vikoi aliijua hiyo ila. Ilikuwa imeshamla miezi mitano.

"Ni ileile uliyoikubali, baba. Imo kwenye droo yako."

"Sampuli ni sampuli. Mgeni akivaa hiki akasimama ufukweni, ataonekana."

"Kwani hutaki aonekane?"

"Asionekane amevaa bluu ya kwingine."

Muuza vikoi akaitazama bahari. Saa nne na dakika kumi, bahari ilibadilika. Bluu ya kikoi ilianzia ufukweni ikaenda hadi upeo wa macho bila baka. Ikafuata mistari miwili myeupe, sambamba na pwani. Mwishowe maji yalipogusa mchanga yakatoa matamvua, yamesokotwa nyuzi nne nne kama kawaida ya wifi. Wageni walinyanyua miguu yasiwanase. Mtunza bustani alivuta viti nyuma hatua tatu.

"Sasa vinalingana," alisema muuza vikoi.

Bwana Sampuli alikinyoosha kikoi mbele ya kioo cha dirisha, akafumba jicho moja. Kwa namna yake alikuwa mtu wa haki.

"Vinalingana kabisa," alikiri. Kisha akafungua kabati na kutoa kijitabu cha matangazo. "Tatizo sasa ni bahari. Haifanani na picha, na picha zimeshachapwa."

"Chapeni nyingine."

"Mama, unajua kuchapa picha ni kazi gani?"

"Sijui, baba. Mimi najua kufumisha vikoi themanini tu."

Bwana Sampuli alimpigia simu mkubwa wake. "Ndiyo, imebadilika. Hapana, picha iko vilevile. Yupo, yupo hapa." Akafunika simu kwa kiganja. "Anauliza kama unaweza kuirudisha."

"Mwambie nilileta vikoi. Bahari niliikuta."

Kwenye fomu ya kukataa mzigo, Bwana Sampuli aliandika: rangi haifanani na picha. Muuza vikoi akafunga fundo lake.

Wifi alitimiza neno lake, akautangaza mtambo, lakini mnunuzi hakutokea. Basi wakakaa barazani wakifumua nembo moja baada ya nyingine, ili maduka ya mjini yavikubali vikoi. Walikuwa kwenye cha sabini na moja tarishi wa hoteli alipoleta barua. Wageni, ilisema barua, wameipenda sana bahari mpya. Hoteli imepiga picha nyingine, na imeagiza kutoka kiwandani vikoi vinavyofanana nayo, vya kuchapwa kwa mashine. Aidha, imebainika kwamba vikoi vya muuzaji huyu vinaiga bahari ya hoteli kwa rangi, mistari na matamvua. Anatakiwa asiviuze popote.

Wifi alisikiliza hadi mwisho, sindano mkononi.

"Sisi ndio tumeiga?"

"Ndivyo walivyoandika, wifi."

"Waulize basi, hayo matamvua ya bahari yao kayasokota nani?"

Tarishi alisema kwamba swali hilo halina nafasi kwenye fomu aliyokuja nayo. Panatakiwa sahihi tu ya kupokea, hapo chini, na mashua ya kumrudisha hotelini haimngoji. Muuza vikoi akatia sahihi. Wifi akavuta kikoi cha sabini na mbili, akatafuta mwanzo wa uzi.