Mkono Nyuma ya Pazia

Hapana, haikuchanwa. Nani kakwambia waliichana? Ulimi hauna mfupa, watu wakikosa la kusema wanasema lolote. Picha ipo, nzima, ukutani kwa yule mama mshonaji, na aliyeirudisha ukutani ni binti yake, Mkubwa mwenyewe. Lakini tulia nikuanzie mwanzo, maana hadithi ukiikamatia mkiani inakung'ata.

Huyo Mkubwa ni dobi. Kutwa anapiga pasi mashati ya watu, vidole vimekomaa hadi akishika sufuria ya moto hatafuti kitambaa. Jina analo, ila hata wateja wake hawalijui. Wanamwita Mkubwa kwa sababu ndiye kifungua mimba wa kwao. Na ukubwa ni jalala, mnajua wenyewe. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyesimamia. Mdogo wake, Fundi Redio, akikosana na mkewe, anaitwa yeye. Mama akiumwa, anayelala chini kwenye mkeka ni yeye. Sikuwahi kusikia amelalamika. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kuringia, na kitu chenyewe ni hiyo picha.

Picha ya zamani, ya studio. Mtoto wa kike amesimama juu ya kigoda, gauni lina marinda mpaka chini, uso umenuna kama wa hakimu. Nyuma yake pazia. Na ukiangalia vizuri, pale pazia lilipoachana, umetokeza mkono wa mwanamume, umemshika mtoto kiunoni asianguke. Mpiga picha alimficha mwenye mkono huko nyuma, mkono wenyewe akausahau. Ni wa baba yao.

Basi Mkubwa alikuwa akiwaita watoto wa ukoo mzima. "Mnaona? Huyu ni mimi, na huu mkono ni wa babu yenu. Alijikunja huko nyuma kwa ajili yangu." Siku akirudi kazini miguu imemvimba, akipita kwa mama yake, anasimama kidogo mbele ya ule mkono, anautazama, halafu anakwenda zake.

Sasa Fundi Redio ana binti, anachapa barua ofisini, wanamwita Karani. Karani akapata wazo. Akasema bibi ameshazeeka, akiondoka ataondoka na mambo yote, afadhali yaandikwe: tumetoka wapi, nani kamzaa nani, nani kafanya kazi gani. Ikawa kila Jumapili mchana anakuja, anauliza, anaandika, kisha anamsomea, maana bibi kusoma hajui. Naye bibi, kwa kuwa ameishi kwenye cherehani, hasemi ndiyo wala siyo. Akisikia sawa anasema, "Shona." Akisikia kosa, "Fumua." Na akisema fumua unafumua kweli, hata kama umejaza ukurasa. Habari za harusi yake zilifumuliwa hadi Fundi Redio akauliza kama mama aliolewa na baba peke yake, au kuna wengine wamefichwa.

Jumapili hiyo chakula kilikuwa tayari, wali na maharage, vimefunikwa jikoni. Walikuwa wanne pale sebuleni: mama, Mkubwa, Fundi Redio na Karani. Wanangoja Karani amalize kipande kimoja tu, wale. Karani akasoma, "Mtoto wao wa kwanza ni Shangazi Mkubwa. Picha yake ya utotoni, akiwa ameshikwa na babu, ndiyo picha pekee ya watoto wao."

"Fumua," mama akasema.

"Nifumue wapi, bibi? Hapo kwenye pekee?"

"Kote."

"Mama, njaa haisikilizi historia," Fundi Redio akasema. "Mwache mtoto ashone, tutafumua tukishashiba."

Mama hakucheka. Alikuwa anakunja pindo la nguo yake, anakunjua, anakunja tena. "Huyo si wa kwanza," akasema. "Na huyo kwenye picha si yeye."

Mkubwa alidhani uzee. Akamsogelea mama, akamshika bega kwa upole, kama unavyomshika mgonjwa. Mama akautoa ule mkono begani.

"Akili zangu ninazo. Alikuwepo mwenzako kabla yako. Alichelewa kutembea. Anainua mguu, anaufikiria kwanza, anayumba mbele, anayumba nyuma, ndipo anautua. Baba yenu akamwita Kinyonga. Ndiyo maana alimshika pale studio, kusimama vizuri alikuwa bado. Mvua zilipoanza, homa ikamchukua. Wewe hata tumboni ulikuwa hujaingia."

"Mbona nasema ni mimi miaka yote, na mnanisikia?"

"Ulikuwa mdogo. Ukanyoosha kidole, ukasema, mimi. Nikageukia ukutani. Baba yako akakutazama wewe, akanitazama mimi, akasema ndiyo, ni wewe. Alijua wewe ukianza kuuliza, mimi nitaanguka. Kesho yake ukasema tena. Ikazoeleka."

"Na yangu mimi iko wapi?"

"Huna. Nilikataa. Nilisema picha inabaki, mtoto anakwenda. Sikumpeleka tena mtoto studio."

"Kumbe," Fundi Redio akasema. "Mimi nilidhani ni kwa sababu ya sura." Alisema tu, kama mtu anayekohoa. Hata yeye hakucheka.

Mkubwa alikuwa anaitazama picha. "Na mkono?"

"Mkono ni wa baba yako."

"Alimshika yeye."

"Alimshika yeye."

Mkubwa akainuka, akaenda jikoni. Akafunua sufuria, akafunika. Akachukua upawa, akaurudisha. Siku waliyomzika baba yake, wenzake wanalia uani, yeye alikuja akauwekea kiganja ule mkono kwenye kioo. Hakumwambia mtu. Sasa akajiona kama aliyelia kwenye msiba wa jirani. Akasema kwa sauti, huku akiongea na sufuria, "Si mngeniachia tu? Kwa nini leo?"

Mama alikuwa ameshafika mlangoni, amekuja ameshika ukuta.

"Mwanangu, sisemi ili nikunyang'anye. Waliomjua tulikuwa wawili, mwenzangu kaenda. Huyu binti akimaliza kuandika na yeye hayumo, siku nikifa mimi itakuwa hakuzaliwa. Kila uliposema huyu ni mimi, nilikuwa namzika upya. Nilivumilia, nikasema si kitu, mimi nipo, namkumbuka. Sasa nachoka. Lakini ukitaka ibaki hivyohivyo, mwambie ashone. Wewe ndiye mkubwa. Nitakubali."

Hapo ndipo pagumu, jamani. Mtu akikunyang'anya unamshika koo. Lakini akikuachia uamue mwenyewe, utamshika wapi? Mkubwa akamsikia Karani kule sebuleni anafungua kalamu na kuifunga. Kusema ashone kulikuwa rahisi kuliko kupiga pasi leso. Akamwangalia mama yake pale mlangoni, bado kasimama, kashika ukuta.

"Alikuwa analala wapi?" akauliza.

"Kwangu. Mguu juu ya tumbo langu. Ukiuondoa, anaurudisha."

"Na lile gauni? Nilikuwa nalitafuta kwenye sanduku nikiwa mtoto. Ukaniambia limechakaa."

"Nililifumua. Baada ya msiba mikono ilikosa kazi. Nikakaa nikalifumua lote, uzi kwa uzi, mpaka likawa vipande. Kulirudisha nikashindwa."

Mkubwa alilia pale, kwa sauti ndogo, upawa mkononi. Mama hakumbembeleza, akamwacha. Alipomaliza alijifuta na mkono wa blauzi, akamshika mama yake, wakarudi sebuleni. Akaitungua picha, akampakatisha mama. Na mama, ambaye miaka yote aliwaachia wengine waifute vumbi, akapitisha kidole kwenye uso ule ulionuna, akalitaja jina la mtoto, lile la kuzaliwa. Hakuna aliyewahi kulisikia mle ndani.

"Chukua kalamu," Mkubwa akamwambia Karani. "Wa kwanza ni yeye. Andika jina, andika alivyokuwa anatembea, andika mguu tumboni. Na mkono ni wa baba yake."

Karani akaandika. Kisha akauliza kwa woga, "Na wewe, shangazi, nikuandikeje?"

"Mimi wa pili. Andika na kwamba picha sina."

Fundi Redio akakuna kichwa. "Sasa, dada, tukuiteje?"

"Niite ulivyozoea. Kwani kazi zenyewe utazifanya wewe?"

Karani akasoma yote tangu mwanzo. Mama alisikiliza macho kayafumba. Mwisho akasema asomewe tena pale pa kutembea, akasomewa, akaitikia kwa kichwa polepole. Mkubwa akaichukua picha, akaitundika kwenye msumari wake, akainyoosha isikae upande.

Chakula kilikuwa kimepoa. Mkubwa akataka kukipasha, mama akasema basi, tule hivyohivyo. Wakanawa. Mkubwa akapakua kama kawaida, mama kwanza, yeye mwisho, kisha wakakaa chini wote wanne. Mkubwa, aliyezoea kukaa akiutazama ule mkono, safari hii akaupa mgongo ukuta wenye picha, na wakaanza kula.